Dokta Anasema Usipumue

Jumatatu, 3 Machi 2025

Balance, mizani ya kituo cha afya cha kambi yetu ya wakimbizi, inaishia ku kilo 130. Leo nimepanda, mshale ukaenda, ukaenda, ukagonga mwisho, ukabaki pale unatetemeka. Étienne, infirmier wetu, nesi — mutoto wa Bukavu kama mi, ananiheshimuka — akaandika ku karatasi: "Gertrude, kilo 130 na zaidi." Na zaidi!

Sukari ya damu iko juu tena. Dawa zote mbili zimeshindwa.

Kisha akaniambia nivue kiatu. Hapo njo tulipiganaka kidogo. Nilijua sababu. Kidonda ya kidole gumba. Akauliza ina siku ngapi. Nikasema wiki mbili. Akaniangalia tu. Nikasema sita.

Kaka yangu Zihindula alianza hivi hivi kule Bukavu. Kidole. Kisha mguu. Kisha tukamuzika, alikuwa na miaka arobaini na tisa. Mi niko na arobaini na saba.

Étienne akafunga mlango. Akasema kuna badokta banatoka ng'ambo, banakuja Lilongwe kufundisha badokta ba hapa Malawi namna ya kupasua bantu banene benye sukari. Banachukua bantu kumi na mbili, bure. Banakata tumbo — tumbo yenyewe, ile ya ndani yenye inapokeaka chakula — banaacha kipande nyembamba kama ndizi.

Nilicheka. Tumbo kama ndizi! Yeye hakucheka. Akauliza: "Mama Cadeau, niandike jina yako ao nisiandike?"

Nikasema andika. Lakini kwa penseli.

Jumatano, 5 Machi

Nimemuambia Alexis. Bwana yangu ni seremala, muntu wa maneno kidogo. Ukimuuliza kitu anachukuaka kwanza mbao ingine. Leo aliweka randa chini.

— Banapasua muntu muzima?

Nikasema mi si muzima. Akasema: unatembea, unapika, unashona. Nikamuambia: ninashona, lakini uzi nani ananitiliaka ku sindano? Macho yanaona ukungu. Na kutoka hapa mpaka ku bomba ninapumzika mara tatu. Pale Cadeau, binti yetu, akatoka ndani. Kumbe alikuwa anasikiliza! Ana miaka kumi na tisa, haogopi muntu. Akasema: "Papa, mi njo nafungaka viatu vya Mama kila asubuhi. Mi njo najua."

Alexis akapangusa vumbi ya mbao ku mikono. Kisha: "Mi sikukuoa kwa kilo." Nikasema najua. "Sasa ukikonda, bantu batasema sikulishe." Kumbe ile njo ilikuwa inamuuma! Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Akachukua randa tena. Akasema, bila kuniangalia: "Na ukifia kule ku meza yao?"

Hapo sikucheka.

Jumapili, 9 Machi

Mzee Fabrice, mzee wa kanisa, amesikia. Nani alimuambia? Alexis, lazima. Akaniita kando: "Mama, kufunga na kuomba kunatosha." Nikamuambia mwaka jana nilifunga siku makumi ine nikaongeza kilo mbili, ju ya kile chakula cha kufungua. Kisha akacheka kwa pua. Kisha akaniombea, maombi marefu, na ku mwisho akasema: "Bwana, basi, ongoza kile kisu."

Nimetoka pale moyo mwepesi. Kesho naenda kwa Étienne aandike kwa wino.

Ijumaa, 14 Machi

Lilongwe. Niko ku nyumba sasa, miguu ndani ya maji ya chumvi. Niandike yote mbele nisahau.

Ruhusa ya kutoka kambini ilipatikana jana. Tulifika ku hospitali asubuhi, mi na Cadeau. Benchi moja ndefu ya bantu banene! Nilifurahi. Kwa mara ya kwanza niko muntu wa kawaida. Nikakaa, nikageuka kusalimia mwenzangu.

Sylvie.

Mama Gabriella! Ule ule! Muuza kaunjika, nguo kuukuu, mwenye anaenda mpaka soko ya Mitundu na mizigo yake. Miaka ine sijamuambia ata bonjour. Niandike sababu, ju hakuna mwenye atasoma. Tulikuwa ku ndoa. Tulikuwa bote wawili banakorali, altos, tulisimamaka bega kwa bega. Kiti ya plastiki ikavunjika chini yangu — kaa! — nikaanguka miguu juu, mbele ya bibi-arusi, mbele ya mchungaji. Na muntu wa kwanza kucheka alikuwa Sylvie. Alicheka mbele ya batoto. Na kicheko yake inasikikaka kutoka ku bomba mpaka ku shule. Yeye mwenyewe mnene kama mi! Nikatoka ku korali siku ile ile. Sijaimba tena.

Basi. Benchi moja. Yeye anaangalia ukuta, mi naangalia viatu.

Balipomuita alienda. Kuko rideau, pazia tu, kati yetu na chumba, unasikia yote. Dokta ni mwanamke mrefu mwenye mvi, anasema Kingereza. Sylvie hajue Kingereza. Sista Tamanda, nesi, akajaribu kumuelezea kwa Chichewa, lakini Chichewa ya Sylvie ni ya soko: bei, saizi, ongeza kidogo. Si ya maini na figo. Sista akachungulia ku rideau: nani hapa anajua Kiswahili na Kingereza?

Cadeau akanipiga kiwiko. Nikajifanya kiziwi. Akanipiga tena!

Nikaingia. Sylvie amelala ku kitanda, tumbo nje, limepakwa mafuta ya baridi. Dokta ana kile kifaa cha mashini cha kuangalia ndani. Akasema kitu. Na maneno yangu ya kwanza kwa Sylvie tangu miaka ine yalikuwa haya:

— Dokta anasema usipumue.

Hakupumua. Aliniangalia na macho makubwa, mashavu yamejaa hewa. Nilikuwa karibu kucheka, nikajiuma ulimi.

— Dokta anasema pumua.

Kisha maswali. Mi namuuliza, yeye anajibu ukuta. Unakoroma? Ndiyo. Unakulaka wakati hauna njaa? Ndiyo. Unakulaka kwa kujificha? Nilirudisha macho chini nikiuliza hiyo, ju mi pia balikuwa bataniuliza. Akasema polepole: "Mwambie ndiyo. Mwambie nyuma ya mizigo."

Kwa nini unataka kupasuliwa?

Hapo akaacha ukuta. Akaniangalia mi. "Mwambie dada yangu kule Uvira balimukata miguu yote mbili ju ya sukari. Mwambie niko na mutoto moja tu, Gabriella. Anaolewa Septemba. Nataka kumuchezea na miguu yangu mwenyewe."

Nikafungua kinywa. Kingereza yangu ni ya masomo ya kambi, inatoshaka. Leo si Kingereza yenye ilinishinda. Dokta alingoja. Sista Tamanda akanipa karatasi ya kupangusa pua.

Zamu yangu ilifuata. Balance yao inafika 200. Niko kilo 134. "Na zaidi" ilikuwa ine!

Batatuchukua. Mi na yeye. Tarehe 15 Aprili, siku moja.

Ku kutoka, Sylvie akasema "aksanti". Aliambia mlango. Nikajibu mlango.

Jumamosi, 15 Machi

Alexis anauliza Mama Gabriella yuko namna gani sasa. Nikasema: mnene.

Jumatano, 2 Aprili

Siku ya pili ya maji-maji. Dokta alisema wiki mbili mbele ya kupasuliwa tukunywe tu — maziwa, supu iliyochujwa, uji mwepesi — ini inywee, bapate nafasi ya kupita. Ini yangu sijue. Mi njo nanywea.

Cadeau alikaanga usipa, dagaa ya hapa, kwa vitunguu. Nilitoka kwangu kama muntu anakimbia moto. Nikatembea mpaka ku barabara ya soko, na pale, mbele ya mama mwenye anakaanga mandazi, nani amesimama? Sylvie. Hanunue. Amesimama tu, pua juu, macho yamefungwa.

Akafungua macho akaniona. Tukageuka, kila moja kwa njia yake. Lakini alijua, na mi nilijua.

Jumatatu, 14 Aprili

Tumeingia hospitali. Kitanda yangu iko ku dirisha. Ya pili ni ya Sylvie, bila shaka. Sista Tamanda anafikiri anatufanyia mazuri: "Marafiki wawili pamoja!"

Mto yangu ni nyembamba kama chapati. Mama wa usafi hasikie Kingereza, na mi Chichewa yangu ni "zikomo", aksanti, na basi. Sylvie akamuita, bakaongea, bakacheka, akagonganisha mikono naye kama bako sokoni. Mito mbili zikakuja. Moja akaitupa ku kitanda yangu, bila neno.

Nikasema zikomo. Akasema: "Unasemaka vibaya."

Jumanne, 15 Aprili

Asubuhi. Alexis amefika, amevaa ile shati ya ndoa ya mdogo wake. Amekaa na sandali zangu mkononi. Nimemuambia aziweke chini, hataki.

Sylvie anaingia wa kwanza. Dokta alipita, akasema maneno mbele ya kumusukuma. Sylvie akanishika mkono — mkono wake baridi! — "Mama Cadeau, anasema nini?"

— Anasema usiogope, iko anajua kazi yake.

Dokta hakusema vile. Aliuliza kama amevua hereni.

Mungu atanisamehe. Sasa banakuja kunichukua mi. Cadeau, ukipata hii kaye, hii daftari yangu — hapana, usisome.

Jumatano, 16 Aprili

Niko hai.

Matobo tano, madogo. Bega inauma. Bega! Banakata tumbo, inauma bega. Eti ni hewa yenye bametia ndani.

Niliuliza habari ya Sylvie mbele niombe maji. Iko hai.

Alhamisi, 17 Aprili

Nitaandika pole pole ju kila kitu inavuta.

Banatutembeza ku korido. Mi na ule mti wa dripu yangu, yeye na yake, kama mabibi-arusi na wasimamizi. Kurudi, dokta akaja na badokta bingine saba nyuma yake, vijana, bana daftari. Akasimama ku kitanda ya Sylvie. Akauliza. Mi nikasikia swali nikaona aibu.

Kwa Kiswahili nzuri inasemwaka namna gani? Mbele ya vijana saba? Nikasema:

— Dokta anauliza kama... upepo umepita.

Sylvie akaangalia kulia, kushoto.

— Upepo gani? Si dirisha imefungwa?

Mungu wangu! Nikacheka. Inauma, inauma, matobo tano yote yanapiga kelele, na siwezi kuacha! Nikashika mto ya chapati ku tumbo. Nikasema: "Si ule! Upepo wako!" Akaelewa. Kile kicheko chake kikatoka — ha! — kikakatika katikati: "Ayayai! Usinichekeshe, Mama Cadeau, nitapasuka!" Dokta naye anacheka, hajue sababu. Ku mwisho Sylvie akajibu, na jibu haikuhitaji kutafsiriwa. Vijana saba bakaandika.

Balipoenda tukabaki tunapumua kama mbuzi za mlima. Kisha Sylvie akasema, anaangalia dari:

— Ile siku ya ndoa. Kiti yangu pia ilikuwa imeanza kulia. Masaa mawili nilikaa nusu-nusu, mapaja yanatetemeka, naomba Mungu isivunjike. Kisha naskia kaa! — na si mi. Ni we. Nikacheka ju si mi. Kisha nikaona uso wako, nikashindwa kunyamaza. Nilienda kulia ku nyumba. Miaka ine naogopa kukuja kwako.

Nilitafuta hasira yangu mahali ninaiwekaka. Niliitafuta kweli. Haikuwako.

Nikamuambia: "Alexis alinitengenezea kiti ya mninga baada ya pale. Ata ng'ombe inaweza kukaa."

— Niambie tena kitu ya kuchekesha, nitakuua, akasema.

Jumapili, 20 Aprili — Pasaka

Ku nyumba! Cadeau amepika kuku. Bamekula banageuza migongo ju ya huruma. Mi nimekunywa supu yake ndani ya kile kikopo kidogo cha dawa ya kikohozi. Vikopo viwili. Nikashiba. NIKASHIBA! Sijawahi kujua neno ile kwa kweli. Nilikuwa najua tu "imeisha".

Sylvie amepiga simu. Tumekubaliana kila asubuhi tutaambiana: vijiko ngapi, hatua ngapi, vitamini umekunywa ao haujakunywa.

Jumamosi, 10 Mei

Siku mbaya. Niandike na mbaya.

Dokta alisema wiki hizi vyakula vya kusaga tu. Lakini sombe ya Cadeau, yale majani ya muhogo, ilinukia na mawese, na bugali ilikuwa moto... Matonge mawili. Mawili tu! Ikasimama hapa, katikati ya kifua, kama jiwe. Jasho. Mate yanakuja kama povu. Nikatapika nyuma ya nyumba nikalia. Si maumivu yalinilizisha. Nililia sombe. Nililia mikono yangu ndani ya sahani ya mama yangu, Bukavu, sisi saba tunazunguka sahani moja. Nikasema: nimekata nini mi? Nimekata wapi?

Cadeau alikimbia kumuita Sylvie. Akakuja kwa miguu kutoka upande ingine ya kambi, anapumua, na ndani ya mfuko wake kijiko. Kijiko ya mutoto, plastiki, ina picha ya bata. Akakaa chini karibu yangu.

— Mi juzi nilimeza nyama nikafikiri nakufa. Sikukuambia ju niliona haya.

Akanipondea usipa na maharagwe mpaka ikakuwa laini. Kijiko moja. "Tafuna mara makumi mbili." Nikatafuna, yeye anahesabu kwa sauti kama mwalimu wa chekechea. Na ku ya kumi na mbili hivi, nikaisikia: chumvi, moshi, ndimu, ule utamu mdogo wa kitunguu nyuma kabisa. Miaka yote namezaka usipa ngumi kwa ngumi, na ile kitunguu sijakutana nayo!

Vijiko ine. Jioni ikawa nzuri.

Jumatano, 4 Juni

Lilongwe, kontroli, kupimwa tena. Kilo 113. Kidole imefunga — ngozi mpya, pinki kama ya mutoto! Sukari imeshuka, dawa moja bameiondoa kabisa. Dokta wa mvi amerudia kwao. Aliyebaki ni dokta kijana, Mmalawi, moja wa bale saba. Anakumbuka. Ku mlango akauliza Sylvie, kwa Kiswahili yenye alijifunza makusudi: "Upepo, mzuri?"

Kisha tukapita Old Town kutafuta uzi na zipu. Duka moja, mbili, tano. Ku ya sita njo nikashtuka: sijakaa mahali! Zamani kila duka nilikuwa naomba kwanza kigoda.

Ijumaa, 18 Julai

NIMEPANDA KABAZA.

Niandike vizuri. Nduwayo, Mrundi wa karibu yetu, anabebaka bantu ku baiskeli, njo kabaza yake. Miaka yote nikitokea tu, mnyororo wake umekatika. Mi sikumukasirikia. Ni baiskeli yake, njo chakula cha batoto bake. Leo natoka ku barabara kubwa na kifurushi cha vitambaa, nimemuona, nikapita zangu. Akaita:

— Mama Cadeau! Panda.

Nikamuuliza: mnyororo je? Akaona haya, akacheka: "Mnyororo umepona, mama. Na we umepona."

Nimekaa nyuma, miguu upande moja kama msichana. Baiskeli ikalia kidogo — kwii — ikanyamaza. Tukashuka ule mteremko wa kuingia kambini. Upepo! Kitambaa cha kichwa kikaruka, sikukamata. Nikapiga kelele, batoto bakakimbia nyuma yetu. Alexis alikuwa ku mlango na mbao ku bega. Akaweka mbao chini. Akasimama pale, bwana yangu wa maneno kidogo, na akapiga makofi. Peke yake. Pole pole.

Nikamuambia Nduwayo azunguke tena.

Jumanne, 12 Agosti

Nywele. Zinatoka ku kitana kama manyoya ya kuku. Dokta kijana alituonya: mwezi wa ine, itapita, kula mayai. Sawa. Lakini bantu habakuonywa.

Mteja moja alikuja kuchukua kitambaa yake mbele nikate. Eti ataenda kwa fundi mwingine, "ili upumzike, mama". Alikuwa anaangalia mashavu yangu. Na leo Cadeau amerudi kutoka ku bomba bila maji, macho mekundu. Bale basichana balimuambia: mama yako ana ule ugonjwa. Mama Gabriella pia. Baliambukizana.

Zamani nilikuwa mnene, bakacheka. Sasa nakonda, banazika.

Nilipigia Sylvie. Nikamuambia nataka kujifungia mpaka nywele zirudi. Akaniuliza kama nimekula mayai. Kisha akauliza kama bado niko na ile jipe yangu, sketi kubwa ya marinda, ya zambarau. Nikamupelekea, hakuniambia ya nini.

Jumapili, 24 Agosti

Siwezi kuandika ju ya kucheka, na sasa nacheka bila kuumwa!

Kanisani, saa ya matangazo. Sylvie akasimama, akaenda mbele, hakuitwa na muntu. Akashika mikro. Akasema: "Bapendwa. Ninasikia mi niko nakufa. Na Mama Cadeau pia. Basi mbele ya mazishi, tusemeshane." Akaeleza yote. Sukari. Dada yake. Lilongwe. Tumbo kama ndizi — kwa mikono. "Tulipasuliwa. Bote wawili. Tulikuwa tunaficha ju ya kuona haya. Haya imeisha."

Akaniita. Miguu yangu ikanyanyuka yenyewe. Akatoa ku mfuko ile jipe yangu ya zambarau, akaifungua mbele ya bantu bote, kama tenti ya wakimbizi bapya. Akaingiza mguu moja, kisha wa pili. "Mama Cadeau, karibu kwako."

Nikaingia! Wawili, jipe moja! Akafunga zipu. IKAFUNGA!

Kanisa lilivunjika. Bamama bakapiga vigelegele, batoto bakapanda ku benchi. Mzee Fabrice alivua miwani kupangusa macho, akasema ndani ya mikro: "Kweli, kisu kiliongozwa." Cadeau analia na kucheka. Na kiongozi wa korali — mjanja! — akaanzisha wimbo pale pale, ju tulikuwa tumesimama bega kwa bega, hatuwezi kukimbia. Sauti yangu ilitoka na kutu. Ku beti ya pili ilikuwa imerudi.

Tulikaribia kuanguka ku kushuka. Jipe moja, miguu mine.

Jumatano, 27 Agosti

Ule mteja amerudisha kitambaa yake. Pamoja na ya dada yake. Nimemupima.

Alhamisi, 11 Septemba

Ndoa ya Gabriella ni keshokutwa. Atelier yangu ya kushona imejaa, nakanyaga vipande. Robe ya Sylvie, gauni yake, imeisha leo asubuhi: nimeirudilia mara tatu, mwili yake inakimbia mbele ya mashini yangu. Anaivaa, anageuka, anageuka tena, anasema sandali zile zitamuuma akicheza, atacheza miguu mitupu.

Imebaki yangu. Kikwembe kile kile, kitenge kama cha Sylvie, ju Gabriella ameomba niingie pamoja na mama yake. Ananiita Mama Mdogo sasa.

Na hapo njo nimekwama. Kweli. Tangu saa tatu.

Nguo zangu zote ninaziachiaka kitambaa ndani, vidole vine kila upande. Kwa kunenepa. Mkono wangu unafanyaka yenyewe, siufikirie. Leo nimechora chaki vile vile. Kisha nikasimama.

Ju juzi nimesikia njaa. Njaa ya kweli, ya kwanza tangu Aprili. Nilishtuka kama muntu amesikia hatua ku mlango. Niko kilo 98, na wiki hii haikushuka ata moja. Dokta kijana alisema wazi: njaa itarudi, ile ndizi inaweza kutanuka, kazi ya badokta imeisha, sasa ni yenu. Sylvie amesema na yeye ameisikia. Tulikuwa kila moja anaficha, tena!

Yeye iko hapa, amekaa ku kizingiti, robe mpya imefunikwa na shuka isichafuke. Ameona mistari ya chaki.

— Hii ni ya nini?

Nikasema akiba.

— Akiba ya nani? Ya ule mwanamke wa zamani? Alikuambia anarudia?

Nikasema sijue. Nilingoja anicheke. Hakucheka. Akasema: "Mi pia sijue." Nje Alexis alikuwa anapiga misumari ku benchi za ndoa. Kisha Sylvie akasema:

— Kata ya kulia. Ya kushoto tutaongea.

Nimekata ya kulia! Vidole vine vya kikwembe vimeanguka chini. Sylvie amepiga kigelegele, Alexis amekuja mbio na nyundo mkononi kuuliza nani amezaa.

Sasa Sylvie anauliza ninaandika nini badala ya kukata. Nimemuambia angoje. Ananinyooshea mkasi, umefunguka, anaonyesha chaki ya upande wa kushoto.